Picha ya Mguu wa Kushoto

Wanawake wawili walikuwa wakigombea mifupa, na Inspekta Acom hakuwa na njia ya kuwaamua.

Wiki ya tatu sasa, kila alipofika mochwari ya Tororo asubuhi aliwakuta kwenye benchi moja, mmoja huku na mwingine kule, na katikati yao nafasi ya kumtosha mtu wa tatu. Benedeta alitoka Lumino. Alikuwa mama wa miaka sitini na kitu, mgongo umenyooka, mwenye kuamka saa kumi ili awahi gari la kwanza. Amoit alitoka Rubongi, hapo jirani tu, naye alikuwa bado kijana. Benedeta alimpoteza mwana, Paddy Ojiambo. Amoit alimpoteza mume, Okanya. Wanaume hao waliondoka makwao mwaka mmoja, miaka minne iliyopita, kwenda kuchimba dhahabu upande wa Busitema, na hakuna aliyerudi.

Kisha mvua za mwezi uliopita zikabomoa shimo la zamani, na wachimbaji wakatoa humo mifupa ya mtu. Ya mtu mmoja tu. Fuvu lilikuwa na ufa nyuma, wa kupigwa, si wa kuanguka. Chini ya goti la kushoto kulikuwa na bamba la chuma lililofungwa kwa skrubu.

Kusikia habari ya chuma, wanawake wote wawili walisema, "Huyo ni wangu."

Wala hakuna aliyedanganya. Ojiambo aliwahi kuanguka na boda boda akawekewa chuma mguu wa kushoto. Okanya naye hivyo hivyo, mguu uleule. Barabara ya Busia imewatia chuma vijana wengi kuliko wahunzi walivyotia majembe mipini. Kila mama alikuwa na karatasi ya hospitali iliyosema jambo lilelile kwa mwandiko mbaya uleule. Maabara ya Kampala ilijibu kwamba foleni ni ndefu, wasubiri mwakani. Mkuu wa kituo alikataa kusubiri. Ijumaa saa nne mifupa ingezikwa kwenye makaburi ya wasio na wenyewe. Na maiti asiye na jina hana adui wala rafiki wa kuhojiwa. Aliyempiga angebaki anakunywa pombe yake ya ajono kwa amani huko aliko.

Leo ilikuwa Jumatano.

"Mama Benedeta," Acom alisema, akikaa kwenye ile nafasi ya katikati, "nikuulize tena. Chuma cha Ojiambo kilikuwa na skrubu ngapi?"

"Mwanangu, mimi nilimwogesha mguu huo miezi mitatu. Lakini chuma iko ndani. Nilihesabu kidonda, sikuhesabu chuma."

"Na wewe, Amoit?"

"Filamu yake ya eksirei hospitali ya Mbale walimpa akaja nayo. Iliungua na nyumba." Amoit alitazama mikono yake. "Afande, mimi sijui hata niko mke ama niko mjane. Watu wa kwao wanauliza mimi, mimi nauliza nani?"

Benedeta hakumtazama, lakini alisema kwa sauti ya chini, "Usimwonee. Wote tunatafuta."

"Na wewe unatafuta nini, mama?" Acom alimwuliza. " Wengine wangefurahi kuambiwa si wao. Wangesema basi yuko hai."

"Miaka minne nimesema yuko hai. Mbwa akibweka, natoka. Mtu akikohoa njiani, natoka. Chai yake namimina, inapoa, namwaga. Nimechoka kutoka, afande. Nataka mahali pa kukaa nilie, halafu nilale. Nipe mtoto wangu."

Acom alikuwa amesikia vilio vingi katika miaka kumi na saba ya kazi, na kwa kawaida viliishia getini. Hicho kilipanda naye pikipiki.

Daktari Imalingat, aliyepima mifupa ile, ndiye aliyempa njia. "Niletee eksirei ya mmoja wao," alisema, "ya baada ya kufungwa chuma. Nitakuambia kwa dakika tano."

Ojiambo alitibiwa kwenye hospitali ya misheni nje kidogo ya mji. Hospitali hiyo sasa hupiga picha kwa kompyuta, lakini filamu za zamani zilikuwa zimehifadhiwa kwenye stoo ya rekodi. Mtunzaji wake aliitwa Ochwo, mtu mpole mwenye miwani iliyofungwa uzi.

Ochwo alifungua stoo. Rafu saba, ukuta hadi ukuta, na hakuna kitu juu yake.

"Mchwa, afande," alisema kwa huzuni. "Mchwa ya hapa ni mbaya. Ilikula yote."

Acom alipitisha kidole juu ya rafu. Vumbi lilikuwa nene pembeni, lakini katikati mlikuwa na mistari safi, alama za bahasha za filamu, moja baada ya nyingine. Akainama akatazama miguu ya rafu, kisha ukuta, kisha dari.

"Mzee Ochwo, wewe mtu wa wapi?"

"Nagongera."

"Basi mchwa unamjua. Akiingia nyumbani kwako anafanya nini kwanza?"

"Inaleta udongo."

"Udongo uko wapi?"

Ochwo akakwaruza ukuta kwa ukucha.

"Na rafu hizi za mbao? Mchwa gani huyo anakula plastiki, anaacha mbao?"

"Labda ya siku hizi..." Ochwo alianza, akaishia hapo. Mfa maji haachi kutapatapa, lakini huyu alichoka mapema. Alivua miwani akaifuta kwa shati. "Kompyuta ilikuja, afande. Mimi miaka mitatu hakuna mtu ameuliza hata filamu moja. Ikakuja mtu ya Busia, anasema ananunua kwa kilo. Nikasema ni takataka. Kumbe nakosa?"

"Mtu gani?"

"Olupot. Iko na mama anaosha filamu hapo Sofia, nyuma ya kinu ya mahindi."

"Anaosha ili iweje?"

"Inatoa silva, ile fedha ya kutengeneza pete. Kwa filamu iko silva, afande. Ile nyeusi-nyeusi ndiyo silva yenyewe."

"Lini alichukua?"

"Wiki iliyopita. Alhamisi."

Acom alihesabu siku kwa vidole, kisha akaona ni afadhali ahesabu akiwa njiani.

Alifika Busia saa nane mchana. Sofia ni mtaa uliokaa ukingoni kabisa mwa Uganda. Ukirusha jiwe kwa hasira linaangukia Kenya. Nyuma ya kinu alikuta ua wenye uzio wa mabati, na harufu iliyomwasha pua kabla hajabisha hodi. Ndani, mwanamke mnene mwenye buti za mvua alikuwa akikoroga pipa kwa mpini wa jembe. Glavu zake zilitoboka vidoleni, na vidole vilivyochungulia vilikuwa vyeupe, ngozi imebabuka.

"Yoga," Acom alimsalimu Kiteso.

"Yoga noi. Karibu, lakini simama huko. Kostiki inachoma, haina rafiki." Alisema jina lake ni Atai, akaendelea kukoroga. Alipoonyeshwa kitambulisho cha polisi hakushtuka. "Mimi ni wa kuosha tu. Maneno ya kununua uliza Olupot."

"Nitamwuliza. Kwanza nionyeshe kazi."

Hapo Atai alichangamka, maana watu wengi huja uani kwake wakiziba pua na hakuna anayeuliza kazi. Alichukua filamu moja kwenye rundo, akaiinua juani. Ilikuwa kifua cha mtu, mbavu nyeupe kwenye kijivu. Aliizamisha kwenye pipa kwa koleo, akahesabu taratibu, akaitoa. Kifua kilikuwa kimeondoka. Mkononi mwake mlibaki plastiki safi ya rangi ya maji, na kwenye pipa maji yalizidi kuwa meusi.

"Hii tope nyeusi inalala chini," alisema. "Tunachuja kwa shuka, tunakausha. Halafu inaenda kwa watu ya dhahabu kule mashimo, wanayeyusha na moto yao. Inatoka kidonge nyeupe namna hii." Alionyesha ukucha wa kidole kidogo. "Filamu nyingi, kidonge kidogo. Plastiki tunauza. Watu wanaweka kwa dirisha ya vifaranga."

Ukutani kulikuwa na kamba tatu zimeanikwa plastiki hizo, mamia. Acom alitazama kupitia moja akaona kinu, mbuzi na anga. Jina, namba, mfupa, vyote vimeoshwa.

"Filamu za miguu ziko wapi?"

"Miguu na mikono? Hizo ndizo tunaanza nazo. Kifua imejaa mtu, weusi kidogo. Mguu ni mwembamba, pande zote ni nyeusi. Silva mingi. Niliosha Jumatatu, nikamaliza jana."

"Yote?"

"Yote."

Acom aliketi juu ya mtungi uliopinduliwa. Alimwona Benedeta kwenye benchi, na ile nafasi ya katikati. Angemwambia nini? Kwamba mguu wa mwanawe uko hapa, umekunjwa kwenye shuka, unangoja kuyeyushwa pamoja na miguu ya watu mia tano? Alikuwa na hamu ya kumkamata mtu yeyote aliye karibu, na aliye karibu alikuwa Atai peke yake.

Badala yake aliuliza tena, kwa kuwa kazi yake ilimfundisha kuuliza swali moja mara mbili kabla ya kuondoka. "Miguu yote, dada? Hakuna hata mmoja uliobaki?"

"Nimekwambia nimemaliza. Imebaki ile ya chuma tu, na hiyo hapana yangu."

Acom aliinua kichwa. "Ya chuma?"

"Ile picha inaonyesha mtu iko na chuma ndani. Misumari, skrubu. Olupot alikataza nisiguse." Atai alicheka mpaka mabega yakatikisika. "Anasema, 'Atai, wewe huoni? Silva yenyewe hii hapa, nyeupe, inang'aa!' Anaweka pembeni, atauzia mtu ya Nairobi kwa bei ya juu. Nikamwambia pale peupe hakuna kitu. Hapana sikia. Mimi naosha miaka mitatu, lakini nani anauliza aliye na koleo?"

"Ziko wapi?"

Atai alielekeza kidevu upande wa mashariki. "Dukani kwake. Ng'ambo."

Ng'ambo ilikuwa hatua mia mbili, lakini ilikuwa Kenya, na huko kitambulisho cha Acom kilikuwa na uzito wa tiketi ya jana. Kuomba ruhusa rasmi kungechukua wiki mbili. Acom alifunga leso kiunoni, akamwomba Atai chupa ya maji ya pipa na kitambaa cheupe, akapita kwa miguu pamoja na wachuuzi wa nyanya.

Duka la Olupot lilikuwa la spea za baiskeli kwa mbele. Yeye mwenyewe alikuwa mtu mrefu, mchangamfu, mwenye saa kubwa mkononi.

"Karibu mathee, nikusaidie na nini?"

"Mimi ni Acom, polisi wa Tororo. Natafuta filamu moja kati ya zile ulizotenga. Ya mguu wenye chuma."

Uchangamfu ulimtoka. "Madam, hapa ni Kenya. Huwezi kunishika."

"Siwezi. Nimekuja kuomba."

"Basi ombi limekataliwa. Hizo ni mali. Unajua mguu mmoja wa hizo una silva ngapi? Angalia!" Hakuweza kujizuia, alitoa rundo chini ya kaunta, akaigonga ya juu kwa ukucha. Paja la mtu, na ndani yake fimbo nyeupe inayong'aa. "Hii si picha tu, hii ni chuma chenyewe kimeingia kwa filamu. Buyer wa Nairobi anakuja Jumamosi."

"Amewahi kuziona?"

"Bado."

"Bwana Olupot, buyer huyo akija na mtu anayejua, utaaibika mbele za watu. Unataka uaibike hapa na mimi peke yangu?"

Aliweka chupa na kitambaa juu ya kaunta. Olupot alitazama chupa, akatazama mlango, akaufunga.

Acom alilowesha ncha ya kitambaa, akasugua pembeni mwa filamu, kwenye weusi. Kitambaa kilichafuka cheusi papo hapo. Akageuza upande safi, akalowesha tena, akasugua katikati ya ile fimbo nyeupe. Alisugua kwa nguvu. Kisha akaweka kitambaa chini mbele ya Olupot. Kilikuwa cheupe kama kilivyotoka kwa Atai.

"Rudia," Olupot alisema.

"Rudia mwenyewe."

Alirudia mara tatu, kwenye filamu tatu. Mara ya tatu alikaa kwenye kiti cha wateja.

"Chuma ndicho kilichozuia mwanga," Acom alisema bila kumcheka, ingawa alistahili. "Pale filamu haikuungua, haikushika kitu. Hizi ndizo filamu zako maskini kuliko zote. Atai alikuambia."

"Alisema," Olupot alikubali polepole. "Wueh. Alisema kabisa."

"Nimekuambia siri yako bure. Sasa nisaidie. Kuna mama anangoja mguu wa mwanawe."

Olupot alisukuma rundo zima upande wa Acom. "Tafuta. Mimi pia mama yangu yuko Amukura, sitaki laana."

Zilikuwa filamu mia na kumi na mbili. Acom aliziinua moja moja kwenye mwanga wa dirisha: nyonga, mkono, taya lenye waya, goti lenye risasi. Kila moja ilikuwa na jina kwa herufi nyeupe kwenye kona, na Acom alijikuta akiyasoma kwa sauti, majina ya watu wa Lumino, wa Busitema, wa Rubongi, waliovunjika wakatengenezwa. Ya tisini na nne ilisema OJIAMBO PADDY, KUSHOTO, 2019.

Hakuthubutu kuhesabu skrubu. Kazi hiyo ilikuwa ya daktari. Aliifunga ndani ya leso, akavuka mpaka akiwa ameishika kifuani kwa mikono miwili.

Alhamisi asubuhi benchi lilikuwa na watu wawili, kama kawaida. Safari hii Acom aliwaita ndani wote. Daktari Imalingat alikuwa ameweka bamba na mfupa wake juu ya meza, juu ya kitambaa cha kijani. Amoit alibaki mlangoni. Benedeta alienda moja kwa moja mezani, akaweka kiganja karibu na mfupa bila kuugusa.

"Kwanza niseme nilichokiona hapa," daktari alisema, "niliandika kabla sijaona picha. Bamba lina mashimo manane. Skrubu ni sita. Shimo la tatu kutoka juu ni tupu, na la sita ni tupu. Skrubu ya mwisho chini imeingia upande, na kichwa chake kimekatika. Aliyeiweka alikosea au alichoka. Na madaktari wawili hawakosei namna moja."

Alimpa Acom karatasi hiyo aishike. Kisha alichukua filamu, akaibandika kwenye kioo cha dirisha kwa plasta mbili. Jua la saa tatu liliingia ndani yake, na mguu wa kijana ukasimama pale dirishani, mwembamba, mzima, kuanzia goti hadi kifundo.

Benedeta alivuta pumzi. "Ni yeye," alisema. "Huo mguu ni wake. Ona alivyokuwa na kifundo chembamba."

"Mguu wa kwenye picha ni wake, mama, jina lipo," daktari alisema kwa upole. "Tunauliza kama wa mezani ni huohuo." Akaweka ncha ya kalamu kwenye kioo. "Mashimo. Moja, mbili, tatu... manane. Inspekta, soma."

"Shimo la tatu tupu," Acom alisoma.

Kalamu ilishuka. "Tupu."

"Shimo la sita tupu."

"Tupu."

"Skrubu ya mwisho imeingia upande. Kichwa kimekatika."

Kalamu ilikaa chini kabisa ya bamba muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Pale, skrubu moja nyeupe ilikuwa imelala upande, na haikuwa na kichwa.

"Ndiyo," daktari alisema.

Mlangoni, Amoit alijifunika uso kwa mikono akaanza kulia, na hakuna aliyejua kama ni kwa furaha kwamba si Okanya, au kwa kuwa kesho asubuhi hangekuwa na benchi la kukaa. Labda naye hakujua.

Acom alikunja karatasi. Sasa alikuwa na jina. Angeweza kwenda kwenye mashimo na kuuliza nani alikaa na Paddy Ojiambo, nani aligombana naye, nani alihama ghafla. Alimgeukia mama aliyeidai mifupa hiyo wiki tatu, aliyepanda gari la kwanza kila siku akisema ni wangu, nipeni, na akamwambia maneno aliyoyataka.

"Mama Benedeta, pole sana. Ni Ojiambo. Unaweza kumchukua leo."

Benedeta alikuwa akitazama dirishani. Kisha alimshika Acom mkono, akaubana kwa nguvu ambazo Acom hakudhani mama yule anazo.

"Hesabu tena," alisema.

"Mama..."

"Mwanangu, nakuomba. Pengine mmeruka moja. Hesabu tena."

Daktari alitazama pembeni. Acom alichukua kalamu mkononi mwake, akasogea dirishani, akaanza upya kutoka juu, polepole, shimo moja baada ya jingine.